Daftari la Nyuzi la Muhonja

Mwaka wa tisini na nne ulipoingia, Muhonja alikuwa fundi wa nguo asiyeweza kutia uzi kwenye sindano. Usicheke. Alikuwa na miaka thelathini na tisa tu, na pale mtaani Shauri Moyo hakuna aliyeketi nyuma ya cherehani aliyeweza kumshinda kwa kukata kola. Lakini tundu la sindano lilikuwa limemkimbia. Akilitazama, linakuwa matundu mawili. Akifumba jicho moja, linabaki ukungu. Analamba uzi, anausokota ncha, anauelekeza, na uzi unapita pembeni.

Kwa hiyo kila asubuhi alizibeba sindano zake akampelekea Qamar, mwanamke wa Majengo aliyeuza vifungo, zipu na nyuzi kwenye kibanda kilichopakana na baraza yake. Qamar alizitia uzi sindano kumi kwa mkupuo mmoja, akazichomeka mstari kwenye kitambaa.

“Mshahara wangu utanipa lini, bibi wee?” aliuliza kila siku.

“Nitakushonea buibui.”

“Kwa macho hayo? Utanishonea gunia!”

Walicheka, na wapita njia wakacheka nao. Muhonja akirudi kitini kicheko kilimwisha, maana alijua jambo ambalo wapita njia hawakulijua. Mwezi wa Desemba, baada ya majuma mengi ya kiu isiyokatika na kuamka kwenda chooni mara nne kila usiku, alikuwa amekwenda kliniki ya mtaani. Daktari Nzomo, kijana mpole mwenye mwandiko mbaya, alimpima, akavua miwani, akamwambia wazi.

“Mama, una kisukari. Hayo macho yanasumbuliwa na sukari iliyojaa kwenye damu. Ikishuka mapema, yatarudi. Ikikaa huko juu, siku moja hayatarudi tena.”

Sasa fundi bila macho ni nani? Tangu Kweyu, kifungua mimba wake, azaliwe, Muhonja alikuwa ameshonea nusu ya mtaa sare za shule, na maharusi wa mtaa amewavalisha bila idadi. Hakuwa na kazi nyingine na hakutaka nyingine. Alitoka kliniki akatembea polepole mpaka nyumbani, akiogopa vile hajawahi kuogopa maishani.

Daktari alikuwa amempa vidonge, kichupa chenye vijiti vyembamba vya karatasi, na ukurasa uliopigwa chapa kwa Kiingereza. Ukurasa ulisema ale vipande viwili vya mkate na kikombe cha maji ya machungwa. Ugali haukutajwa kabisa. Muhonja alikuwa ameuliza ugali ale kiasi gani, na daktari akajibu, “Kiasi.” Haya niambie, kiasi cha Mluhya na kiasi cha huyo aliyechapa ule ukurasa vinakutana wapi?

Vijiti ndivyo alivyovielewa. Unakichovya kijiti kwenye mkojo, unasubiri kidogo, unatazama rangi. Kikibaki buluu, sukari haimwagiki. Kikigeuka kijani, ipo. Kikiwa kahawia, una shida. Rangi alizijua, hata kwa macho yale. Na kwa kuwa kichupa kilikuwa kidogo na yeye ni mtu wa mkasi, kila kijiti alikikata katikati kwa urefu, kimoja kikawa viwili. Kisha akachukua daftari kuukuu la Kweyu la hesabu, na kila alipopima, akatafuta kwenye sanduku lake uzi wa rangi ile ile aliyoiona, akakata kipande, akakishona kwenye ukurasa. Chini yake aliandika siku.

Januari yote ilikuwa kahawia. Kahawia, kahawia, kahawia, mpaka uzi wa rangi hiyo ukamwishia akaenda kununua mwingine kwa Qamar.

“Unashonea nani suruali za askari?” Qamar akashangaa.

Uchungu wake ni kwamba alikuwa anajitahidi. Sukari ya chai aliiacha siku ile ile. Soda alizihama. Ugali mweupe aliuacha akahamia wa wimbi, kwa sababu kila mtu alisema wimbi ni dawa, na aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Asenath, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwao, mwanamke wa kifua kikubwa na amri kubwa zaidi. “Kula wimbi, dada. Uji wa wimbi asubuhi, vikombe viwili. Nduma saa nne. Ugali wa wimbi jioni, shiba kabisa! Hiyo sukari itaenda yenyewe.” Muhonja alitii. Alikunywa uji, akala nduma, yaani magimbi, akala mlima wa wimbi. Wala mimi simcheki, maana mtaa mzima uliamini hivyo hivyo, na wengine wanaamini mpaka leo.

Halafu likaja lile la pasi. Siku moja ya Februari alikuwa ananyoosha mkono wa shati, pasi ya makaa iko kando imejaa moto. Aliponyoosha mkono kuchukua kitambaa, macho yakamdanganya, kifundo cha mkono wa kulia kikatua juu ya chuma. Alipiga ukemi Qamar akaruka kibanda kizima. Mkono ukafungwa bendeji mpaka kwenye vidole.

Jioni Shiundu, mumewe, akarudi kutoka kiwandani, kule Indasta kwenye viwanda vya jiji, akiwa na njaa ya mtu aliyebeba magunia tangu alfajiri. Nyumbani walikuwa wawili tu. Kweyu alikuwa shule ya bweni, na wasichana wawili walisoma Vihiga kwa nyanya yao. Shiundu akautazama ule mkono, akaitazama sufuria, akautazama mwiko uliotundikwa ukutani.

“Mama Kweyu, sasa ugali nani atasonga?”

“Wewe si uko na mikono miwili?”

“Mimi? Nishike mwiko? Watu wa nyumbani wakisikia watasemaje?” Na alimaanisha, maskini. Alikuwa mume mwema, lakini kwao mwanamume hasongi ugali mkewe akiwa hai, na jambo hilo halikuwa na mjadala. Mayai, lakini, alijua kukaanga tangu siku za ukapera, na mayai hayakuhesabiwa kuwa upishi.

Basi ikawa hivyo. Shiundu alijishindilia ugali wake mchana kwenye kibanda cha karibu na kiwanda. Jioni alikaanga mayai kwa kitunguu na nyanya, au omena, wale dagaa wadogo, akachemsha sukuma wiki na mrenda. Muhonja alikula hayo hayo, na maparachichi ya soko la Gikomba, na maziwa lala. Uji hakuweza kuukoroga. Nduma kuzimenya kwa mkono mmoja, hapana. Alilala akilalamika kwamba hajala chakula tangu Jumatano ile ya pasi.

Siku ya tisa alichovya kijiti, akataka kukitupa. Akadhani kimeharibika. Akachovya nusu yake ya pili. Akatoka navyo mbio mpaka kwa Qamar, bendeji inaning’inia.

“Hii rangi gani? Niambie ukweli!”

“Kijani, mama. Na rangi pia zimekushinda?”

“Kijani!” Muhonja akapiga kelele, na watu wakageuka. “Qamar, ni kijani!”

Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kurudi kwa wimbi lake. Muhonja alikuwa fundi. Gauni likikataa kukaa mwilini, fundi hafumui lote. Anafumua mshono mmoja, anamvalisha mtu, anatazama. Lisipokaa bado, anaurudisha ule, anafumua wa pili. Mkono ulipopona, ndivyo alivyofanya na sahani yake. Akapika ugali wa wimbi siku moja, wenyewe, bila kubadilisha kingine: kahawia. Akauacha siku tatu: kijani. Akajaribu nduma peke yake, zile nduma za afya: kahawia. Ndizi za kuchemsha: kahawia. Mayai: kijani. Matumbo na kabichi: kijani. Mboga za saga, majani ya kunde, kuku, omena: kijani, na siku moja kijani kilichokaribia buluu.

Alipompelekea Daktari Nzomo daftari lile, daktari alilifungua akiwa amesimama, akakaa chini. Alilipekua ukurasa baada ya ukurasa, nyuzi zikining’inia.

“Nani amekufundisha hii?”

“Pasi,” alisema Muhonja.

Daktari akacheka, akampima damu, akacheka kidogo zaidi. Akamwambia aendelee, ila vidonge asiviguse bila yeye kujua. Na kweli vidonge vilihitaji jicho la daktari, maana Aprili, Muhonja akiwa na mboga na mayai tumboni na vidonge vile vile vinne kwa siku, alianza kutetemeka barazani, jasho linamtoka, maneno yanamkwama. Sukari ilikuwa imeshuka kupita kiasi, na Qamar alimnywesha chai ya sukari kwa nguvu. Kesho yake daktari akavipunguza vikawa viwili, na kufikia Juni kikabaki kimoja.

Usidhani ilikuwa rahisi. Ugali wa Shiundu aliendelea kuupika kila jioni, na harufu yake ikamtesa. Kulikuwa na ule ukoko unaobaki kwenye sufuria, mkavu, unaokwanguliwa kwa kijiko, ambao tangu utotoni ulikuwa haki yake kama mpishi. Siku ya kwanza alipoumwagia maji bila kuuonja, alilia kabisa, machozi ndani ya sufuria. Shiundu alimkuta hivyo.

“Mboga bila ugali si ni kulamba mkono tu?” alimwambia kwa huruma.

“Basi nitalamba,” alisema Muhonja. “Lakini nitauona huo mkono.”

Na Mei, asubuhi ya Jumanne, alikaa kitini akachukua sindano kwa mazoea ili ampelekee Qamar. Akaliona tundu. Moja. Limesimama pale linamsubiri. Aliogopa hata kupumua. Akalamba uzi, akauelekeza, ukaingia, ukatokea upande wa pili. Akachukua sindano ya pili. Ya tatu. Alipofika ya kumi alikuwa amesimama, na Qamar amesimama naye, anapiga vigelegele vya kumtoa bibi harusi nje.

“Umeniachisha kazi, shetani wewe!” Qamar akasema, huku anafuta macho kwa ncha ya leso.

Laiti hadithi ingeishia hapo tukaenda zetu. Shida ni kwamba macho hayakurudi peke yao. Na mwili nao uliondoka. Alikuwa anajipima kiuno kwa utepe wake wa kazi kila Jumamosi. Inchi arobaini na sita zikawa arobaini na tatu, zikawa arobaini. Akayapunguza magauni yake, kisha akapunguza yale aliyokwisha kupunguza. Alikuwa mwepesi, anapanda ngazi za Gikomba na furushi kichwani bila kusimama, na alijiona msichana.

Lakini miaka ile mwanamke akipungua hakuulizwa amefanya nini. Alianza kuhesabiwa siku. Mtaani walisema fulani “ameguza waya,” na kila mtu alijua ni waya gani, maana ukimwi ulikuwa umepita nyumba nyingi. Wateja wakaanza kumpita barazani. Mmoja alirudi kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, akidai amebadilisha nia. Na ile kazi kubwa, magauni sitini ya akina mama kwa kongamano la Desemba, magauni ya buluu yenye kola nyeupe ambayo Muhonja alikuwa ameahidiwa tangu mwaka uliopita, Asenath akampa fundi wa Kariobangi. Sababu hakuisema. Iliyomfikia Muhonja kwa midomo ya wengine ni kwamba Asenath hataki watu wachomwe na “sindano za yule.”

Iliuma, wacha nikuambie. Alilaumiwa kwa ugonjwa asiokuwa nao, siku zile zile aliposhinda ule aliokuwa nao.

Agosti kulikuwa na mkutano wa akina mama nyumbani kwa Asenath. Chakula kikaletwa: kuku, mboga, na ugali wa wimbi umeinuka kwenye sinia. Muhonja akachukua kuku na mboga. Mazungumzo yakakatika. Macho ishirini yakaitazama sahani yake.

“Dada,” Asenath akasema, sauti tamu, “hata ugali unakushinda siku hizi?”

Hasira na aibu vikampanda pamoja. Akamega tonge, akala. Akamega la pili. Alikula wote wakaona, akaongeza. Na hakuishia siku ile. Alijiambia anenepe kidogo tu, mashavu yarudi, watu wanyamaze, wateja warejee, kisha ataendelea na mboga zake. Siku kumi alikula. Daftari lilijaa kahawia tena. Asubuhi ya kumi na moja uzi ukapita pembeni.

Akabeba sindano akaenda kibandani. Qamar alizipokea bila mzaha, akazitia uzi moja moja. Alipomaliza hakumpa.

“Nikuulize. Unataka wakusifu kwa unono, nawe kipofu?”

Muhonja akanyoosha mkono kuzidai, Qamar akazificha nyuma.

“Hao wanaokusema, kuna hata mmoja atakayekushika mkono kukuvusha barabara? Nijibu, Muhonja! Maana mimi nitakushika, lakini wallahi nitakutukana njia nzima.”

Muhonja akaangua kicheko, kikageuka kilio, akazichukua sindano zake. Jioni alisonga ugali wa mtu mmoja. Ukoko akaumwagia maji.

“Acha waseme,” alimwambia Shiundu. “Watachoka.” Na Shiundu, yule yule wa mwiko, akamjibu kwamba kiwandani pia wamemwuliza kama mkewe ni mgonjwa, naye amewaambia mkewe anaona tundu la sindano kutoka ng’ambo ya barabara, je, wake zao wanaona? Muhonja akamwongezea mboga.

Septemba macho yalirudi. Novemba, kwa mara ya kwanza, alishona kwenye daftari uzi wa buluu. Daktari Nzomo alimpima damu mara mbili kwa kutoamini, akampandisha kwenye mizani iliyokuwa imesoma kilo tisini na saba mwanzo wa mwaka. Ilisoma sabini na tano.

Ikafika siku ya kongamano, Kariobangi. Akina mama sitini wamepangwa nje ya kanisa, buluu na kola nyeupe, ngoma zimeanza. Muhonja alikuwa mstari wa nyuma, na gauni lake alikuwa amelifumua lote akalishona upya mwenyewe, maana ile kazi ya fundi mwingine ilimtia kichefuchefu. Ghafla ukasikika mchaniko mbele. Zipu ya Asenath, mwenyekiti, aliyetakiwa kuingia wa kwanza, ilikuwa imepasuka kutoka shingoni mpaka kiunoni.

Wakamvuta kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha moja dogo. Sindano ilipatikana. Uzi ulipatikana. Mama wa kwanza akajaribu kuutia, akashindwa. Wa pili akausogeza mlangoni penye mwanga, akashindwa. Wa tatu akajichoma kidole. Nje ngoma zilikuwa zimeanza wimbo kwa mara ya tatu.

“Leta,” Muhonja akasema kutoka nyuma.

Wakampisha. Alichukua sindano, akachukua uzi, akautia mara moja, palepale kwenye giza la chumba, hata bila kuisogeza sindano karibu na uso. Mtu mmoja akasema “Ai!” Muhonja akaanza kushona gauni mgongoni mwa mwenye gauni, mishono midogo ya haraka, huku wengine wanatoka kuwaambia wapiga ngoma wavute muda. Wakabaki wawili.

Asenath hakugeuka. Alisema akiutazama ukuta, kwa sauti ambayo Muhonja hakuwahi kuisikia kwake.

“Mama Kweyu. Hiyo kitu yako, ile ya kuamka usiku... ilianza aje?”

Sindano ikasimama. Mimi hapo ningekuwa na mambo mawili matatu ya kumwambia, na wewe pia. Muhonja naye alikuwa nayo. Yalimjaa mdomoni tangu Agosti.

“Na kiu?” aliuliza.

“Nakunywa maji mtungi mzima.”

“Macho?”

Machozi yakamtoka Asenath. “Somo la leo nimelikariri. Herufi sizioni tena.”

Muhonja akamaliza mshono, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Akamgeuza, akamfuta machozi kwa kitambaa chake mwenyewe ili asiwaingie watu na uso ule. “Enda uimbe,” akamwambia. “Tukitoka, unifuate.”

Waliimba, wakaandamana mpaka ndani, na mshono haukuachia hata uzi mmoja. Walipotoka, wawili hao walikwenda nyuma kwenye vyoo, na Muhonja akatoa kwenye mkoba wake kile kichupa na nusu ya kijiti. Wakasubiri wakiwa wamekishikilia kwenye jua. Kilikuwa kahawia, kahawia ile ile ya Januari yake.

“Nitakufa?” Asenath akauliza.

“Utakula mayai,” Muhonja akasema. “Wimbi lako uliache. Jumatatu tunaenda pamoja kwa Daktari Nzomo, na Jumamosi tunachovya tena.”

Akalitoa daftari, akafungua ukurasa mpya, akakata uzi wa kahawia akaushona hapo juu kabisa. Asenath alikuwa anayapitisha macho yake kwenye kurasa zilizotangulia, zile kahawia, zile kijani, na ule mstari wa buluu mwishoni, ingawa sijui aliona kiasi gani. Muhonja akachukua kalamu, akaandika jina la mwenye ukurasa, Asenath, kwa herufi ndogo ndogo, na aliziona zote.